Kwani mawaridi ya Fantin-Latour yana kosa gani?

Wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 19 wakitajwa, Henri Fantin-Latour anapewa mistari miwili tu: alichora maua na matunda, akawauzia Waingereza, basi. Na wanaomponda hawajakurupuka, nakubali. Mwaka 1870 alichora picha kubwa ya mchoraji mwenzake Manet akiwa kazini, kazungukwa na wachoraji kina Renoir, Bazille na Monet, na mwandishi Zola, yani jamaa alikuwa mulemule na watu waliokuja kupindua uchoraji mzima, halafu 1874 kina Monet na Renoir, wale walioitwa Impressionists, wanafungua maonyesho yao yeye hakutia mguu (japo hata Manet hakwenda), kabaki na meza yake, ukuta mtupu wa kijivu na mawaridi. Weka picha yake ya miaka ya 1860 na ya 1890 pamoja, ficha tarehe, unaweza kubabaika ipi ya mwanzo. Hoja nzito hiyo, siwezi kuifuta.

Ila hii ya "alikuwa anauza" ndo inanikera. Ni hivi, Whistler, mchoraji Mmarekani, alimkaribisha London 1859, baadae akajuana na Edwin na Ruth Edwards, mtu na mkewe, na hao ndo wakawa wanamtafutia wateja Uingereza miaka na miaka. Paris alipeleka zaidi picha za watu, maua yake kule hayakuvuma. Sawa, sasa nani hakuuza? Manet mwenyewe 1880 alichora fungu la asparagasi, ile mboga ya vijiti, bei faranga 800, mnunuzi wake Charles Ephrussi akatuma 1,000, basi Manet akachora kijiti kimoja peke yake akampelekea, eti kilipungua kwenye fungu lako. Hiyo tunaisimulia tukicheka, ujanja wa fundi, ila Fantin akipokea hela ya mawaridi anaitwa mchuuzi!

Halafu watu wanaongea kama vile ua ni kazi ya mvivu. Waridi ukishalikata linaendelea kufunguka huku unalichora, asubuhi lilikuwa hivi jioni liko vile, kesho petali ziko mezani, na huwezi kuliomba likae vizuri. Kiangazi yeye na mkewe walikuwa Buré, Normandie, anachuma bustanini, anaweka kwenye glasi ya maji, anachora akikimbizana na kunyauka. Mchoraji Jacques-Émile Blanche aliandika kwamba Fantin alichunguza kila ua, petali kwa petali, kama anachunguza sura ya mtu. Ukiziangalia zile nyeupe unaelewa, kila moja ina weupe wake.

Dharau yenyewe ni ya zamani. Tangu miaka ya 1660 Félibien, mwandishi wa sanaa wa Ufaransa, alishapanga madaraja, picha za historia na dini juu kabisa, maua na matunda mkiani. Na hapa ndo huwa nakwama kila nikifikiria mkewe, Victoria Dubourg. Walikutana Louvre, jumba la makumbusho la Paris, wakinakili picha za mafundi wa kale, naye mchoraji wa maua, mzuri sana, mchoraji Degas mpaka alimchora. Lakini École des Beaux-Arts, shule kuu ya Paris, ilianza kupokea wanawake 1897, mama wa watu ana miaka 56. Kuchora picha kubwa za historia lazima uwe umejifunza mwili wa mtu, na mafunzo hayo mwanamke alikuwa anayatafuta kwa tabu. Sasa unamnyima mtu masomo ya juu halafu unamwambia kazi zake ni ndogo? Mumewe angalau alichagua.

Fantin alifariki 1904, na Victoria ndo aliyekaa chini akaorodhesha kazi za mumewe, kitabu kikatoka 1911. Maua yamejaa humo tele, sidhani kama aliyaonea aibu.