Ulinzi unaogandisha kompyuta hautadumu

Kompyuta nyingi za nyumbani ninazoletewa hapa Kigoma mjini ziko katika moja ya hali mbili. Ama ulinzi wote umezimwa, ama umerundikwa mpaka mashine inachukua dakika kadhaa kufungua barua ya ukurasa mmoja. Ukimdadisi mwenyewe, mara nyingi utagundua kuwa ile isiyo na ulinzi ndiyo iliyokuwa imerundikiwa mwaka jana. Mtu aliweka antivirusi aliyoambiwa ni kali, laptopu ikawa nzito, watoto wakalalamika, kazi zikachelewa, akaona bora azime kila kitu apumzike.

Ndiyo maana sikubaliani na mafundi wanaosema usalama kwanza, wepesi baadaye. Nyumbani hakuna mtu wa TEHAMA anayekulazimisha. Ulinzi unaokera utazimwa, tena na mwenye kompyuta mwenyewe. Kwa hiyo wepesi wa mashine ni sehemu ya usalama wake, na anayekuwekea ulinzi bila kuangalia mashine yako inaweza kubeba nini hajakulinda.

Tuangalie mashine zenyewe. Laptopu ya kawaida ya nyumbani huku kwetu ni iliyotumika, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, diski ya zamani ile ya kuzunguka. Antivirusi kazi yake ni kukagua kila faili linapofunguliwa. Diski ya kuzunguka ina kichwa cha kusomea ambacho lazima kisogee kutoka sehemu moja kwenda nyingine, kwa hiyo antivirusi ikianza kupekua wakati wewe unafungua Word, wote mnagombania kichwa hicho kimoja. Hapo ndipo mashine inaganda. Sasa mtu anaongeza antivirusi ya pili, akiamini amejilinda mara mbili. Anachopata ni walinzi wawili getini wanaopekuana wenyewe kwa wenyewe huku mgeni akisubiri nje.

Tangu Windows 8 iliyotoka mwaka 2012, Windows inakuja na antivirusi yake ndani, na kwa matumizi ya nyumbani inatosha. Iache hiyo moja, ondoa nyingine zote, hasa zile za majaribio zilizoisha muda ambazo kila ukiwasha zinadai hela kwenye kona ya skrini. Kama una fedha ulizotenga kununua antivirusi ya mwaka, mimi ningekushauri uziongezee kidogo ununue SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka. Ukaguzi uleule uliokuwa ukiigandisha mashine utapita bila wewe kuuhisi, na hutapata tena sababu ya kuuzima.

Lakini kwa Kigoma, kuliko hata intaneti, mlango unaonitia wasiwasi ni flashi.

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea flashi yake baada ya kutoka kuchapisha mtihani steshenari, maeneo ya Mwanga. Aliniambia, "Kaka, folda zangu zote zipo, ila mashine ya nyumbani imeanza mambo ya ajabu." Tukaifungua kwa mwonekano wa orodha yenye maelezo (Details). Folda ya mtihani ilikuwepo kwa jina lake lilelile, lakini pembeni ya picha yake kulikuwa na kishale kidogo, na kwenye safu ya ukubwa iliandikwa KB 2. Folda halisi haionyeshi ukubwa kwenye safu hiyo. Ile ilikuwa shotikati, yaani njia ya mkato inayofungua kitu kilichopo mahali pengine. Folda yake ya kweli ilikuwa imefichwa, na kila alipobonyeza shotikati, kirusi kilijiendesha kwanza halafu kikamfungulia folda yake kama kawaida. Ndiyo maana hakushtuka. Kazi yake ilikuwa inafunguka, na kirusi kilikuwa kimeshahamia kwenye kompyuta ambayo mwanawe anasomea na mumewe anafanyia hesabu za duka.

Ujanja huu una historia. Mwaka 2008 kirusi cha Conficker kilisambaa, miongoni mwa njia nyingine, kupitia flashi, kikitumia tabia ya Windows ya kuendesha programu zilizomo ndani ya flashi inapochomekwa (autorun). Mwaka 2011 Microsoft ikasambaza sasisho la kuzuia tabia hiyo kwenye Windows za zamani. Tangu hapo virusi vingi vya flashi vinakuhitaji wewe ubonyeze, na ndiyo maana vinajivika jina la folda yako.

Dawa yake haili RAM hata kidogo. Kazi ya kuchapisha itume steshenari kwa WhatsApp au barua pepe ikiwa PDF, flashi ibaki nyumbani. Faili la kurasa chache halimalizi bando la mtu. Kwa kitambulisho, cheti au mtihani, simama pale mpaka mhudumu afute nakala kwenye simu na kwenye kompyuta yake. Usione haya, ni haki yako kumwomba, na wengi hufuta bila kinyongo. Kama ni lazima utumie flashi, tenga moja ya kuchapishia tu, isiyo na kitu kingine, na uifungue kwa mwonekano wa orodha kabla ya kubonyeza chochote.

Nije kwenye masasisho, ambako naona watu wa bando wanalaumiwa isivyo haki. Anayeunganisha laptopu kwa hotspoti ya simu, akaona GB zake za wiki zimeyeyuka usiku mmoja, ana kila sababu ya kukasirika. Akikuta video mtandaoni inayomfundisha kuzima masasisho moja kwa moja, atazima. Ila gharama yake tuliiona Mei 2017. Kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zipatazo 150, kikidai malipo ili kuyafungua. Sasisho la kuziba tundu kilichopitia lilikuwa limetolewa Machi, miezi miwili kabla.

Njia ya kati ipo. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya Windows, iambie kwamba mtandao wa simu yako ni wa kulipia kwa kipimo (metered connection). Masasisho makubwa yatasubiri. Kisha walau mara moja kwa mwezi ipeleke laptopu kwenye Wi-Fi ya ofisini au chuoni, au nunua bando la usiku, iache ishushe yote. Hakikisha betri imejaa kabla ya kuanza, maana umeme wetu tunaujua, na sasisho lililokatika katikati linaweza kukuachia mashine isiyowaka.

Jambo jingine ambalo halina uzito wowote kwenye mashine ni akaunti. Nyumba nyingi zina akaunti moja ya msimamizi, bila neno la siri, na kila mtu anaingilia humo, hata mtoto wa darasa la nne anayetafuta magemu. Iwekee hiyo ya msimamizi neno la siri, kisha mfungulie mtoto akaunti ya kawaida. Akibonyeza kitu kinachotaka kujisimika kwenye mfumo mzima, kompyuta itadai neno la siri la mzazi. Wewe mwenyewe pia tumia akaunti ya kawaida kwa kazi za kila siku. Utaulizwa mara chache, na kwa kuwa ni mara chache utasoma unachoulizwa. Windows Vista ya mwaka 2007 ilikosea hapo. Ilimuuliza mtu kila dakika mpaka akazoea kubonyeza ndiyo bila kusoma, na Windows 7 ikabidi ipunguze maswali.

Programu za kukraki, yaani zilizovunjwa leseni, nazizungumzia kwa kifupi. Ukiona maelekezo yanaanza na "zima antivirusi kwanza", acha hapohapo. Najua bei ya leseni kwa mshahara wa hapa. LibreOffice ni ya bure na inafungua mafaili ya Word na Excel.

Limebaki suala la Windows 10, ambalo linawagusa wengi wetu. Msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi tulizonazo haziwezi kupokea Windows 11 kwa sababu hazitimizi masharti yake, kama vile prosesa inayokubalika na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Mafundi kadhaa wanailazimisha iingie hivyohivyo. Mimi siungi mkono, kwa sababu unaipa mashine dhaifu mfumo mzito zaidi, na Microsoft haikuhakikishii masasisho kwenye mashine isiyotimiza masharti. Kama kompyuta yako ni ya kuandika, kuangalia matokeo ya mtihani, kujaza maombi ya mkopo wa chuo na kutazama video, hamisha kazi zako kwenye diski ya nje, uichomoe, kisha muombe fundi akuwekee Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Ni ya bure, na masasisho yake unayashusha unapotaka wewe. Anayelazimika kubaki na programu ya Windows, kwa mfano ya hesabu za duka, ajiandikishe kwenye masasisho ya nyongeza ya usalama ambayo Microsoft inatoa mpaka Oktoba 2026, na muda huo autumie kutafuta mashine nyingine.