Usiku wa Dar haulaliki, tusiisingizie simu tu

Ukisema siku hizi hupati usingizi, wa kwanza kulaumiwa ni simu. Sawa, mwanga wa kioo unauchelewesha ubongo kutambua kwamba usiku umeingia, hapo sibishi. Lakini nenda Manzese mwezi wa pili, ingia kwenye chumba cha tofali za saruji kilichopigwa jua mchana kutwa, dirisha moja, halafu uniambie mkosaji ni simu.

Ili mtu alale, joto la ndani ya mwili lazima lishuke, kama nyuzi moja hivi, na joto hilo hutoka kupitia ngozi, hasa viganjani na nyayoni. Sasa saa nne usiku kuta bado zinafukuta, hewa nzito, jasho halikauki. Joto la mwili litokee wapi? Ukifunga dirisha kwa kuhofia vibaka, feni inazungusha moto uleule. Ndiyo maana nasema wavu na nondo za dirishani ni dawa ya usingizi kuliko vidonge ambavyo watu wananunua bila cheti. Na oga maji ya uvuguvugu saa moja kabla ya kulala. Najua utacheka, joto lote hili! Yanaivuta damu kwenye ngozi, ukitoka bafuni mwili unapoa wenyewe. Chandarua usikiache, ila tafuta cha pembe nne, kile cha duara kinakubana.

Kelele ndiyo inayoniudhi zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chumba cha kulala kisizidi desibeli 30, yaani mnong'ono. Sisi tuna grosari yenye spika mbili zilizoelekezwa barabarani, ngoma ya kigodoro Ijumaa, mkesha Jumamosi. Watu wanasema wameshazoea. Hawajazoea. Hata usipoamka, besi ikinguruma mapigo ya moyo yanapanda, ndiyo unaamka asubuhi umechoka bila kujua kwa nini. Kanuni za kelele na mitetemo tunazo tangu 2015, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, imewahi kufungia baa kwa ajili hiyo. Mtaani kwetu, anayelalamika anaitwa mnoko.

Yaliyo mikononi mwetu nayo yapo. Kahawa ya barazani ukiinywa saa mbili usiku, saa saba karibu nusu ya kafeini bado inazunguka mwilini. Bia za kuita usingizi zinauita kweli, kisha zinakuamsha alfajiri. Na mwenzako akikuambia unakoroma halafu pumzi inakatika, usicheke naye, nenda hospitali.

Ila kelele huwezi kuizima peke yako. Mkutano wa mtaa ukiitwa tunajadili taka, mitaro na ulinzi shirikishi. Mwenyekiti aongeze na hili: kila kibali cha sherehe kiandikwe saa ya kuzima muziki, na grosari zigeuze spika ziangalie ndani.