Sindano ya Kumi Iko Wapi?

Asubuhi ya leo nimekalia sindano. Na si ugenini, ni kwenye kochi langu mwenyewe, sebuleni kwangu mwenyewe, nikiwa na kikombe cha chai mkononi na heshima zangu zote. Nimeruka mpaka chai imefika kwenye kalenda ya ukutani. Mke wangu hakuuliza nimeumia wapi. Aliuliza, "Ya ngapi hiyo?"

Ya tisa. Pakiti ina sindano kumi. Kwa hiyo mwenzenu tangu asubuhi nimesimama kama mlinzi wa getini, na ugali wa mchana nimeulia nikiwa nimeegemea friji.

Mimi ni mtu mzima. Nina kitambi, nina kitambulisho cha taifa, msibani napewa kiti bila kuomba. Sasa niulizeni sindano zinanihusu nini.

Cherehani iliingia nyumbani kwa hasira. Mafundi wetu mnawajua, sina haja ya kusimulia ile "njoo kesho" ya wiki sita, wala lile gauni la sare lililokuwa tayari bibi harusi akiwa ameshajifungua. Jirani alikuwa anahama, anauza cherehani ya miguu, ile nyeusi yenye maua ya dhahabu yaliyofutika nusu. Nikaitazama nikajisemea, kitu gani hapa cha kumshinda mtu aliyemaliza kidato cha nne? Nikalipa. Wabebaji nao nikawalipa. Walipofika kwenye ngazi nikawalipa tena.

Ingeishia hapo, ingekuwa meza ya kuwekea televisheni na maisha yangeendelea. Lakini mama mkwe wangu anakaa Lushoto, na Lushoto mwezi wa saba si mahali pa mzaha, kule milimani mtu anaamka asubuhi anaomba jua kama anaomba kazi. Siku hiyo analalamika baridi kwenye simu, nami kwa ule ujinga wa mkwe anayesaka sifa nikamnyang'anya mke wangu simu nikasema, "Mama, nitakushonea mfarishi kwa mikono yangu miwili."

Mfarishi, kwa wale mliozaliwa ukubwani mkakuta maduveti, ni nguo ya juu, nguo ya chini, kitu laini katikati, halafu vyote vinashonwa pamoja visihame. Mimi niliamua wa kwangu uwe wa viraka. Mke wangu alinitazama kama abiria anayeona daladala inarudi nyuma kwenye mteremko.

Cherehani ya miguu ina siri ambayo kwenye video hawaisemi. Gurudumu unalianzisha kwa mkono, unalivuta lije upande wako, ndipo miguu ifuate. Ukitanguliza miguu linazunguka kinyume na uzi unakatika. Mimi nilishona kinyume wiki nzima. Nilikanyaga, nikatokwa jasho, kwa hesabu ya miguu nilishafika Kibaha na kurudi, kitambaa kiko palepale. Nilipopata mwendo, uzi ukaanza kujikusanya chini kama kiota cha kunguru. Nikalaumu bobini, nikalaumu uzi, nikamlaumu aliyehama. Binti yangu wa darasa la sita akainama akachungulia. "Baba, uzi wa juu hujaupitisha kwenye vile visahani." Visahani gani? Nikamwambia akamalize kazi za shule. Alipotoka nikaupitisha.

Hesabu sasa. Nilikata miraba 140, kila mmoja sentimita 15 kwa 15, kumi kwa upana na kumi na nne kwa urefu. Piga mwenyewe: mita moja na nusu kwa mita mbili na kidogo. Kitanda kizima. Nililala nimejipongeza. Hakuna aliyeniambia kwamba mshono nao unakula! Kila ukingo ulikula sentimita moja na nusu, mraba wa 15 ukabaki 12, na mfarishi ukatoka 120 kwa 168. Na mama mkwe ni mrefu. Akifunika kichwa Lushoto, miguu inabaki Mombo.

Usiku wa kupiga bandi sitaki hata kuukumbuka. Nilisogeza kochi, nikatandaza sebuleni kitambaa cha chini, blanketi kuukuu katikati, viraka juu, nikatambaa na sindano ya mkono mpaka saa sita, magoti yanalia. Pakiti ikapinduka hapo, ndiyo hizi tunazozivuna kwa makalio. Nilipomaliza nikanyanyua mfarishi kwa fahari. Mkeka nao ukanyanyuka.

Vitambaa nilivitoa wapi? Hapo ndipo penyewe.

Juu ya kabati kulikuwa na sanduku la khanga. Zimekaa tu. Mke wangu alikwenda kwenye kikoba, mimi nikabaki na mkasi, na mwanaume akibaki peke yake na mkasi, akili yake inakuwa nyepesi sana. Aliporudi akakuta nimefika mraba wa themanini. Nikajitetea kisomi. Nikamwambia kuna kina mama wa kijiji cha Gee's Bend kule Alabama, Marekani, walikuwa wanashona viraka kwa nguo kuukuu za shamba ili wasife baridi, na mwaka 2002 viraka hivyohivyo vikatundikwa kwenye jumba la makumbusho la Houston, watu wanapita wanavikodolea macho kama picha za wasanii wakubwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hao wa Alabama, walikata khanga za nani?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Mama mkwe akaingia juzi Alhamisi na basi la asubuhi, amesindikizwa na shemeji. Wali ukaliwa, soda zikafunguliwa, jirani akaja kusalimia na akagoma kuondoka, maana watu wa mtaa huu wana pua ya kunusa balaa. Nikasimama. Nikatoa hotuba fupi kuhusu upendo wa mkwe na baridi ya milimani. Nikamwekea mfarishi mapajani kwa mikono miwili kama anayekabidhi kombe.

"Mashaallah," akasema mama. "Mwanangu umeshona mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama."

Akaupapasa. Akausifu mshono, Mungu amlipe. Halafu kidole chake cha shahada kikashuka juu ya kiraka cha njano, na hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo lingenifaa kulikumbuka mwezi mzima uliopita.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mama mkwe ni zao la kampeni zile. Alijifunza kusoma chini ya mti, tayari ana mume, na tangu siku hiyo hajawahi kuacha herufi ipite salama. Anasoma pakiti za sukari. Anasoma migongo ya malori. Anasoma kwa sauti, na kwa kidole. Na khanga, kama mnavyojua, ina pindo, ina mji, na ina jina. Majina nami nilikuwa nimeyakatakata pamoja na mengine yote, nikayapanga kwa kuangalia rangi.

"MA-MA," akasoma. Akatabasamu. Akaniangalia. "Mama."

Nami nikatabasamu. Kidole kikavuka mshono, kikaingia kwenye kiraka cha kijani.

"HA-SI-DI."

Soda ya shemeji ikampalia.

"Mama hasidi," akarudia, polepole, kama mtu anayehakikisha namba ya nyumba.

"Hapana mama!" nikapiga magoti. "Hizo ni khanga mbili! Mama ni ya Nani Kama Mama. Hasidi ni ya Hasidi Hana Sababu. Zimekutana tu, mama. Zimekutana kwa bahati mbaya."

"Ahaa," akasema. "Na mimi ni wa khanga gani, baba?"

Nilimtazama mke wangu aniokoe. Alikuwa anaangalia dari, mabega yanatikisika. Kidole kikashuka mstari wa pili.

"M-GE-NI. HA-NA." Kikavuka tena. "SA-BA-BU." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa. "Mgeni hana sababu. Haya. Na mimi nimeingia leo mchana tu."

"Mama, hiyo ni Mgeni Njoo Mwenyeji Apone! Njoo ipo! Niliiweka, naapa!" Nikaanza kuutafuta huo mraba wa NJOO kwa mikono miwili, nageuza mfarishi huku na huku juu ya magoti ya watu, jirani ananisaidia kwa furaha kubwa mno. Tukaupata kwenye kona ya chini, kichwa chini miguu juu, unatazama sakafu. APONE haikuonekana kabisa. Nafikiri niliimalizia kwenye mto.

Ningekuwa na akili ningeunyakua mfarishi hapo hapo nikimbie nao. Lakini kidole kilikuwa kimesimama. Kimesimama kwenye kiraka cha nyekundu, nyeusi na nyeupe, kisicho na neno lolote, na kwa kweli lile ndilo lililoniogopesha, kwamba sasa alikuwa anasoma kiraka kisicho na herufi.

"Hiki," akasema, kwa sauti ndogo, "si kisutu nilichompa mwanangu siku ya harusi?"

Nyumba nzima kimya. Hata friji iliacha kunguruma. Mimi kisutu nilikiona ni khanga kama khanga nyingine, nyekundu inapendeza, tena ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Viraka vyake vilikuwa kumi na sita.

Mama akaukunja mfarishi vizuri, kona kwa kona. "Ahsante, mwanangu," akasema. "Nimesoma."

Kama una mkwe kutoka mkoa wa Tanga, najua hapo umeshika kichwa.

Ijumaa asubuhi akatoka chumbani amejifunga khanga nyingine, ya kwake, imenyooka kwa pasi. Nikajua ujumbe umefika. Lakini jina la khanga linakaa karibu na pindo, na mwanamke akijifunga, linaangukia nyuma, mahali ambapo mkwe mwenye adabu zake hapeleki macho hata akiitwa na mahakama. Nimetukanwa, na siruhusiwi kusoma nimetukanwa nini! Nikajaribu kusomea kwenye kioo cha televisheni iliyozimwa wakati anapita. Nikaona EKETAM. Nikashinda mchana kutwa nikidhani ni Kisambaa. Mpaka wakati wa chakula binti yangu, zao la elimu bila ada, akasoma kwa sauti ileile ya bibi yake: "Bibi, khanga yako imeandikwa Shukrani ya Punda ni Mateke!" Mama mkwe akaniongezea mchuzi.

Leo ameenda Temeke kwa mwanawe mwingine, atarudi jioni. Basi lake ni kesho alfajiri, na amesema mfarishi anaondoka nao, ndiyo, vilevile, kikundi chake cha kina mama wakausome. Kwa hiyo tangu asubuhi nafumua MAMA kwa wembe, nimesimama, maana sindano ya kumi bado iko huru. Nimepapasa kochi lote kwa ufagio, nimelipitishia sumaku ya spika mbovu, hakuna. Na jioni kuna mtu atakuja kukaa kwenye kochi lile. Nimefikiria kulimwagia maji ili lisikalike. Nimefikiria kuliuza.

HASIDI nimeibadilisha, nimeweka kiraka cha maua. Nikaona mfarishi una vumbi la sakafu, nikausuuza kidogo. Kidogo tu. Kisutu kikachuja. Sasa maua yote ni ya waridi, na MGENI ameiva kama nyanya. Haya, umekauka juani, umejikunja kama jani la mgomba, unataka pasi. Nimechomeka pasi, imepata moto nusu, uniti zimeisha. Simu haina salio, wakala kafunga kaenda kuswali.

Nikasema nikaazime pasi ya mkaa kwa jirani, ile yenye jogoo wa kufungia kwenye kifuniko. Sikupenda. Na huyu mzee tuna kesi ya muda mrefu, anadai niliazima pasi ikiwa na jogoo nikairudisha haina. Nimebisha hodi kwa upole, mfarishi begani, na hata salamu haijaisha ameshaanza: "Umemleta jogoo?" Mzee wangu, nina mgeni, nina sindano inazurura ndani ya nyumba, jua linazama. "Jogoo kwanza." Ameenda ndani, ameileta pasi kama kielelezo, ananionyesha kwa kidole palipokatika. Watu wameanza kusogea. Na mimi nasema mbele yao wote, siku ile naichukua, jogoo hakuwepo. Palikuwa na miguu tu. Miguu tu, jamani, na shahidi ninaye, yuko Temeke.