Mimea ya hati ya Voynich: tuanze na mstari, rangi baadaye

Wanaojaribu kuitambua mimea iliyochorwa kwenye hati ya Voynich, kitabu cha kale chenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, mara nyingi huanza na mmea wanaoujua, kisha hupekua kurasa hadi wapate unaofanana nao. Ni njia mbovu. Mwaka 1944 mtaalamu wa mimea Hugh O'Neill aliona alizeti kwenye folio (yaani karatasi ya kitabu, mbele na nyuma) ya 93 na pilipili kwenye folio ya 101. Yote miwili asili yake ni Amerika, kwa hiyo akaamua kitabu kiliandikwa baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Baadaye ngozi ya ndama iliyotumika kama karatasi ilipimwa umri kwa kaboni, ikaonekana ni ya kati ya 1404 na 1438. Ngozi huweza kuwekwa akiba, lakini zaidi ya miaka 50 ni mingi mno kwa bidhaa ghali kama ile.

Chukua picha za kurasa zake ambazo maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale imezitoa bure, uziondoe rangi kwa kompyuta. Mistari ya wino imechorwa kwa uangalifu kuliko kijani na buluu zilizopakwa juu yake, ambazo mara nyingi zimevuka mipaka. Huenda hata aliyepaka rangi alikuwa mtu mwingine. Anayetegemea ua la buluu anategemea ushahidi dhaifu kuliko wote ukurasani.

Kabla jina lolote halijakujia, andika unachokiona: shina lina matawi au halina, majani yanatazamana au yanapishana, kingo zake zina meno au ni laini, petali ni ngapi. Ua peke yake likilingana huku majani yakikataa, achana na jina hilo. Kwa kipimo hiki, ua la jamii ya viola kwenye folio ya 9, upande wa nyuma, linasimama vizuri. Mengi mengine huanguka.

Mzizi upimwe kivyake. Folio ya 33 ina mizizi yenye vichwa vya watu, na vitabu vya dawa za mitishamba vya Italia ya karne ya 15 navyo vina mizizi yenye nyuso na wanyama. Ulinganishe na vitabu hivyo, mfano Sloane 4016 wa British Library, wala si na mzizi uliong'olewa shambani. Wachoraji wale walinakili nakala za nakala, na kila mkono ulipotosha kidogo.

Sehemu ninayoona imepuuzwa ni ile ya mitungi, kuelekea mwisho wa kitabu. Humo mna vipande vya mizizi na majani, na baadhi vinarudia mimea mizima ya kurasa za mwanzo. Tafuta jozi hizo kwanza, kwa sababu zinaonyesha mchoraji mwenyewe aliona nini kuwa alama ya mmea. Ukipata jozi, nakili neno lililo kando ya kipande, ulitafute kwenye ukurasa wa mmea mzima, ambako maandishi yamepindishwa kuuzunguka mchoro uliotangulia kuwepo.