Daftari la fildi lilisainiwa siku moja

Nimesoma Dar es Salaam, nafanya kazi Hamburg. Miji hii miwili ina undugu rasmi tangu 2010, na kuna jambo la huko nyumbani ambalo kila nikishika waya huku linanirudia: zile wiki zetu za fildi, mwanafunzi anapopelekwa kwenye kampuni kujifunza kazi kwa vitendo.

Nilisomea umeme. Wahadhiri wangu walikuwa wazuri, na hilo sikubali mtu alibishe. Hesabu za transfoma nilizozipata kwenye madesa na kwenye disikashani za usiku, bumu, ile pesa ya mkopo wa chuo, limeshakata na tumbo linanguruma, zinanilisha hadi leo. Wenzangu wa hapa wakikwama kwenye hesabu huja kwangu.

Kisha ikaja fildi, wiki nane kwenye kampuni moja mjini. Nilitumwa kutoa kopi, nikatumwa chapati, siku nyingine nilikaa kwenye benchi mpaka jioni. Siku ya mwisho msimamizi alisaini daftari langu la wiki zote nane kwa mkupuo mmoja, akibadilisha kalamu, ya bluu, ya nyeusi, tena ya bluu, ili ionekane ni siku tofauti. Nikapewa A. Yule baba simchukii. Alikuwa na kazi zake, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kunifundisha ni sehemu ya kazi hizo.

Hapo ndipo ninapoona tofauti. Huku kijana anayejifunza ufundi, kwa mfumo wanaouita Ausbildung, anasaini mkataba na mwajiri. Kwa fundi umeme ni miaka mitatu na nusu. Siku tatu au nne za wiki yuko kazini, zinazobaki yuko darasani, na kila mwezi analipwa. Kampuni haiwezi kumchukua bila kuwa na mtu aliyethibitishwa kwamba anaweza kufundisha.

Wiki yangu ya kwanza kazini nilipangwa na binti wa miaka kumi na saba. Tulifika kwenye boksi la umeme, mimi nikanyoosha mkono. Akanizuia. Akazima, akafunga swichi kwa kufuli, kisha akachukua testa na kuijaribu kwanza kwenye waya wenye umeme, kuhakikisha testa yenyewe ni nzima, ndipo akapima pale tulipotaka kufanya kazi. Mimi nina stashahada, na hilo la kuipima testa kwanza hakuna aliyewahi kunionyesha. Nilisikia uchungu hasa, maana huo ni uhai wa mtu.

Sisemi Ujerumani ni peponi. Hapa bila cheti hugusi kitu, na mtoto wa miaka kumi tayari anaanza kupangiwa shule itakayomwelekeza maisha. Hilo nisingependa tuliige.

Tena cha kuiga kipo kwetu. Nenda Gerezani, mtaa wa mafundi pale Dar, umwangalie fundi anayesuka mota: pembeni yupo kijana anahesabu mizunguko ya waya, akikosea anaambiwa afumue aanze upya. Huo ni uanagenzi, na tumekuwa nao miaka yote. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanao utaratibu wa kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani, na chuo chao cha Chang'ombe kimewahi kushirikiana na chemba ya mafundi ya hapa Hamburg kuchanganya karakana na darasa. Kwa hiyo njia inajulikana. Ninachotaka ni vyuo vyetu vya juu navyo viingie humo: mwanafunzi wa fildi akabidhiwe kwa mtu mwenye jina, mtu huyo alipwe kwa kufundisha, na fundi wa Gerezani naye ahesabiwe kuwa mwalimu. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Sioni kwa nini mwaka huu mwanafunzi wa uhandisi aende fildi kununua chapati.

Mpwa wangu yuko mwaka wa pili, fildi yake inakaribia. Nimempigia simu fundi mmoja wa Gerezani, mzee ninayemwamini, nikamwomba amchukue kila Jumamosi kuanzia sasa. Akaniuliza swali moja tu: "Anaweza kuamka mapema?" Testa nimeshaituma kwa mtu anayesafiri wiki ijayo.