Raymond VI wa Toulouse alikuwa mwoga kweli?

Watu wakijadili watawala wa Toulouse ya zamani, kusini mwa Ufaransa, huyu Raymond VI anapondwa tu, eti mwoga, kigeugeu, anaiahidi Kanisa kwamba atawafukuza Wakathari, yaani Wakristo ambao Kanisa liliwaita wazushi, halafu hafanyi kitu. Sikatai, hoja ipo. Juni 1209 alikubali kuchapwa viboko hadharani kanisani Saint-Gilles ili asamehewe, kisha akaenda kujiunga na jeshi lilelile la msalaba lililotumwa kuwapiga Wakathari, na mwezi uliofuata watu wa Béziers wakachinjwa, mji uliotawaliwa na Trencavel, mtoto wa dada yake mwenyewe. Hilo hata mimi nashindwa kulimeza.

Lakini jamani, alikuwa na nini mkononi? Toulouse mjini wenye sauti walikuwa makonsuli, yaani baraza la mji, tangu 1189, na baba yake, Raymond V, aliandika mwaka 1177 akilia kwamba uzushi umemzidi nguvu. Wakathari wenyewe walikuwa dada wa huyu, mama mkwe wa yule, watu wanaokula sahani moja na Wakatoliki, sasa unamwambia mtawala awaandame hao maana yake apigane na raia wake nyumba kwa nyumba.

Na hili la woga ndo linaniuma zaidi. Kwenye vita vya Muret, Septemba 1213, akiwa na washirika wake wa Aragon (Uhispania ya leo), yeye ndo alishauri tukae kambini, tujenge boma, wapanda farasi wa Simon de Montfort, kiongozi wa jeshi la msalaba, wakija tuwamiminie mishale kwanza ndo tuwafuate. Watu wa Aragon wakambeza, huo woga. Wakatoka kupigana uwanjani, mfalme wao Pedro II, aliyetoka kushinda vita vya Las Navas de Tolosa dhidi ya Waislamu huko Uhispania mwaka mmoja tu nyuma, akauawa palepale na jeshi lao kubwa likasambaratishwa na lile dogo la Simon. Yani aliyeisoma vita vizuri ni yeye, halafu miaka 800 sasa bado tunarudia tusi la wale waliokosea.

Kigeugeu nakubali, mwoga hapana. 1215 mtaguso wa Laterani, mkutano mkuu wa Kanisa, ukampokonya nchi, 1217 mzee wa miaka 60 na kitu akarudi kuingia Toulouse, wananchi wakampokea wakasimama naye, na mwaka uliofuata Simon akauawa kwa jiwe nje ya kuta za mji. Raymond akafa 1222 bado ametengwa na Kanisa, mwanawe akaomba weee azikwe, wakakataa, jeneza likabaki hivyohivyo bila kaburi.