Viola si fidla kubwa, na besi ni mkwe

Mara ya kwanza kushika viola nilimtia aibu mwimbaji. Ilikuwa harusini, viola yenyewe ya kuazima, na mzee aliyenipa aliniambia, "Hii fidla tu mwanangu, imekua kidogo." Nikaamini. Sisi tuliojifunza kwa sikio hatutazami karatasi, vidole vinaijua njia. Wimbo ulikuwa wa re. Nikaweka vidole palepale ninapoviweka kila siku, nikavuta upinde, ikatoka sol. Wenzangu wote wako re, mimi niko chini yao, tena nimejaa imani. Mwimbaji aligeuka mara moja tu. Sikuvuta tena upinde mpaka wimbo ukaisha.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema viola ni fidla kubwa, selo ni fidla kubwa zaidi, na besi, ile ndefu ya kusimama nayo, ndiyo baba yao, roho inaniuma.

Tuanze na hiyo viola. Fidla ina nyuzi nne: sol, re, la, mi, kutoka uzi mnene hadi mwembamba. Viola imeuacha ule wa mi na kuongeza do huku chini: do, sol, re, la. Nyuzi tatu wanashirikiana, lakini kila mmoja umesogea jirani, basi mkono uliozoea fidla unapiga kila kitu sauti tano chini, ukihesabu na ile unayoanzia. Hilo linazoeleka kwa wiki chache. Lisilozoeleka ni umbo. Uzi mnene wa fidla hutetema mara 196 kwa sekunde, na ule wa viola mara 131 hivi. Ili mwili wa viola uendane na sauti hiyo kama mwili wa fidla unavyoendana na yake, ingebidi uwe mrefu mara moja na nusu. Fidla ya mtu mzima ina mwili wa sentimita 36 hivi, kwa hiyo viola ingetaka 53 au zaidi. Nani ataibeba hiyo begani? Mafundi wakakata shauri: viola nyingi ziko kati ya sentimita 38 na 43, na mpaka leo haina kipimo kimoja rasmi. Ni ala iliyokatwa kwa kipimo cha mkono wa binadamu, sauti ikaambiwa ivumilie. Ile sauti yake ya puani kidogo, kama mtu aliyeamka sasa hivi na bado hajanywa chai, inatoka hapo. Mimi naipenda kupita kiasi.

Pamoja na mapenzi hayo, sikubaliani na wenzangu wanaosema okestra zetu za taarabu hazijakamilika kwa sababu hazina safu ya viola. Katika simfonia ya Ulaya nyuzi zimegawanywa makundi matano: fidla za kwanza, fidla za pili, viola, selo, besi. Viola imekaa katikati kwa sababu muziki ule unajengwa kwa sauti zilizopangwa ghorofa, na ghorofa ya kati lazima iwe na mtu. Taarabu ya Unguja ya mtindo wa okestra, iliyochota sana kutoka Misri, haijengwi hivyo. Fidla zote hushika njia moja ya wimbo, zikimjibu mwimbaji. Hapo kati tayari pana udi, ganuni na akodiani. Ukileta viola sita utawapa kazi gani? Leta moja, umwachie mpigaji apige taksimu, abuni wimbo papo hapo peke yake, kwenye uzi wa do, hapo nitakaa mstari wa mbele. Safu nzima, hapana.

Selo nyuzi zake ni zilezile za viola, oktavu moja chini, yaani do hadi do inayofuata. Inashuka sana kuliko fidla, ila mwili wake ni sentimita 75 hivi, mara mbili tu ya fidla na ushei. Hila ya mafundi ilikuwa kina: ubavu wa fidla ni sentimita tatu, wa selo ni kumi na zaidi. Fundi alinunua sauti kwa tumbo badala ya urefu, na kwa kuwa selo inasimama sakafuni hakuna bega linalolalamika. Nadhani hii ndiyo ala iliyofanikiwa kuliko zote katika familia. Inaweza kuimba juu karibu na fidla, na inaweza kukaa chini ikashikana na besi.

Sasa besi. Huyu hakuzaliwa nyumba hii, ameoa tu, na amekuja na desturi za kwao. Angalia mabega: fidla, viola na selo yamejaa duara, ya besi nyingi yameteremka kama ya ala za kale za ukoo wa viola da gamba, zile za upinde zilizoshikwa kwa magoti. Angalia kichwani: wenzake wanakazwa kwa vigingi vya mbao, yeye ana gia za chuma. Hata upinde una mitindo miwili, wa Kifaransa unaoshikwa kwa juu na wa Kijerumani unaoshikwa kwa chini. Halafu sikiliza nyuzi: mi, la, re, sol. Ni majina yaleyale ya fidla, yamesomwa kinyumenyume! Wenzake wote wanaruka sauti tano kutoka uzi hadi uzi, yeye anaruka nne.

Sababu iko mkononi. Kwenye fidla, kutoka kidole cha kwanza hadi cha mwisho unapata sauti nne bila kuhama. Kwenye selo mkono uliotulia unapata tatu, tena ile tatu ndogo, ya hatua moja na nusu. Kwenye besi, ambayo uzi wake unazidi mita moja, kiganja kizima kikinyooka kinafunika hatua moja tu ya sauti. Ungempangia nyuzi kwa tano, maskini angekuwa anakimbia juu na chini kama kuli wa bandarini. Mpigaji besi wa taarabu anayepiga kwa kidole, taratibu, pamoja na ngoma, watu humwona kama amepumzika. Mtazameni mkono wa kushoto.

Binti yangu ana miaka tisa na ameichagua besi. Nilimpeleka mazoezini nikitaraji atapenda fidla. Akaenda kuegemeza sikio kwenye ubavu wa besi na hakuondoka. Zipo za watoto, za robo, na hata watu wazima wengi hupiga ile ya robo tatu. Kwa hiyo kimo si kisingizio. Kilichobaki ni kumtafutia mwalimu, na kuzungumza na konda wa daladala ya asubuhi.